Usitie Sahihi kwa Ajili Yetu

Kitengela, Jumapili jioni

Mwanangu Ndanu,

Habari za sweta, za dawa ya tumbo na za fedha za kufichwa ndani ya soksi umekwisha kuzisikia kwa mama yako, nami sitazirudia. Ninawasikia huko chumbani mkilipima sanduku tena kwa mizani mliyoazima kwa mwenye bucha, mnacheka kwa sababu unga wa uji umelizidisha uzito. Chekeni. Mimi nimeketi hapa mezani sebuleni. Barua hii nitaitia katika bahasha ya vyeti vyako vya uuguzi, maana hiyo najua huwezi kuipoteza. Kesho kwenye uwanja wa ndege watu wa kanisa watakuwa wametuzunguka, na mbele ya watu mimi hutoa salamu tu.

Naogopa. Neno hilo hujapata kulisikia kinywani mwangu, na pengine utadhani umelisoma vibaya. Siogopi ndege, wala joto la huko, wala kazi ya wodi, kwa kuwa kazi yako unaijua. Naogopa kwamba utafika, kisha mtu mwenye adabu nzuri atakujia na karatasi, atakutajia jina la kaka yako na jina langu, nawe kwa upendo utatia sahihi.

Mambo haya unayajua vipande vipande. Yalipotokea ulikuwa chuoni, nasi tulikubaliana kukuficha ili usome. Leo nitakueleza tangu mwanzo.

Kaka yako Kioko alipokuwa akifanya kazi hotelini katika nchi ile ile unayokwenda, sisi tulikuwa tukiishi katika nyumba ya mabati. Kila jirani aliyekuwa na mtoto ng'ambo alikuwa amekwisha kujenga. Malori kutoka machimboni yalipita mbele ya lango letu kutwa nzima, na vumbi lake likaingia katika chai yetu. Basi kila nilipozungumza na Kioko kwa simu nilimalizia kwa maneno yale yale: "Mawe yanapita hapa mlangoni, mwanangu, yanakwenda kwa wengine." Niliyasema kama mzaha. Yeye hakuyasikia kama mzaha.

Kule, watu wa benki huwafuata wafanyakazi hadi mabwenini. Ukionyesha barua ya mwajiri inayotaja mshahara wako, unapewa mkopo, unapewa na kadi ya kununulia vitu kwa deni, na siku hiyo hiyo unatia sahihi rundo la karatasi. Miongoni mwake ni hundi isiyoandikwa kiasi cha fedha. Benki huiweka hundi hiyo kabatini. Ukishindwa kulipa, huijaza kiasi chote unachodaiwa, hundi hukosa fedha, na tangu hapo wewe si mdaiwa tu, una kesi. Kioko aliniambia kwamba bwenini kwao kila mtu alitia sahihi na hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungeonekana ushamba.

Hivyo ndivyo nyumba hii ilivyopata kuta zake za mawe.

Kisha hoteli ikapunguza watu, na kibali chake cha kuishi kule kikafutwa pamoja na kazi. Akaja nyumbani, akatuambia ni likizo. Likizo hiyo haijaisha hadi leo. Alidhani deni litabaki kule lilikozaliwa, nami nilipojua nilidhani hivyo hivyo. Nilijiambia: benki ya huko ina maelfu ya watu, itamtafutaje kijana mmoja aliye Kitengela?

Ilimtafuta. Kwanza zilikuja simu za namba ndefu za ng'ambo. Kioko akabadilisha laini. Wakampigia kiongozi wake wa kwaya, wakampigia mjomba wako, wakampigia hata fundi aliyetupaka rangi, kwa kuwa wote hao aliwaandika katika fomu ya mkopo kama watu wanaomfahamu. Kila Jumapili nilisalimiwa na mtu aliyekuwa amepigiwa, na kila mmoja aliniangalia kwa namna ya kunihurumia. Halafu simu zile zikakoma ghafla. Tulimshukuru Mungu. Mama yako alichinja kuku.

Deni halikuwa limesamehewa. Benki ilikuwa imelikabidhi kwa kampuni ya wakusanyaji wa madeni, nayo kampuni ikatafuta wakala Nairobi, mtu anayelipwa sehemu ya kile anachofaulu kukikamua. Yeye hakuwa na namba ndefu. Alikuwa na namba kama yangu na yako, na alijiita Denis.

"Habari yako, mzee wangu," alisema siku ya kwanza. "Mimi niko na shida ndogo na kijana yako. Hiyo deni imekaa sana."

"Deni hilo," nikamsahihisha. "Deni hilo limekaa sana."

"Ndio hivyo, mzee. Deni hilo limekaa sana. Sasa tutalilipa lini?"

Nilicheka, Ndanu. Alinishinda kwa mchezo wangu mwenyewe, nami nikacheka pamoja naye. Nilipoiweka simu chini ndipo nilipoona kwamba jasho limenitoka kifuani.

Alikuwa mwema kuliko wanangu, huyo Denis. Alipiga baada ya ibada, si kabla. Aliuliza kama mvua imefika, kama goti langu limepona, kama Wamaasai wa upande wa pili wa barabara wameshusha bei ya mbuzi. Katikati ya maswali hayo alipachika vitu vyake polepole. Kwamba mahakama ya kule imekwisha kuamua. Kwamba Kioko akikanyaga uwanja wa ndege wa nchi ile, hata kama anapita tu kwenda kwingine, atazuiwa. Kwamba polisi wa kimataifa wamekwisha kupewa jina lake. Kwamba madalali wa Nairobi hawana huruma kama yeye.

Kaka yako alinitahadharisha. Alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kupakia kokoto kule kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyusi zimejaa vumbi.

"Baba, wacha ilie tu. Usishike. Hawa watu wanaishi kwa kushikiwa simu."

"Mimi sikulelewa kumnyamazia mtu anayenisalimu," nikamjibu. "Wewe ulifunzwa na nani?"

Aliingia kunawa.

Kisha ikaja barua ya madai kutoka kwao. Ilikuwa imepigwa chapa, ina nambari ya kumbukumbu, ina muhuri. Wewe unajua nilivyoishi miaka yangu ya kazi. Nilikuwa karani katika ofisi ya tarafa, na karani mkuu wangu alinifunza kwamba barua isiyojibiwa ni tusi kwa aliyeiandika na aibu kwa aliyeipokea. Nilijibu barua za machifu, za wamisionari, za watu waliogombania kisima. Sikupata kuiacha hata moja. Basi ile karatasi ilipokuwa mezani, haikunijia hata kidogo kwamba naweza kuiacha pale ilipo.

Denis alijua. Sijui alijuaje, lakini alijua.

"Wewe ni mtu wa ofisi, mzee," alisema. "Andika tu barua moja safi. Sema familia inatambua deni, na wewe kama baba utasimamia ilipwe pole pole. Nikiwa na hiyo mkononi, nitawaambia wasiende kortini. Hiyo si ni haki?"

Nikaona ni haki. Niliandika kwa mkono, bila kufuta hata neno. Niliitambua nambari yao ya kumbukumbu. Nilikiri kwamba mwanangu alikopa. Niliahidi kwamba asipolipa yeye, nitalipa mimi, ili mradi wasimpeleke mahakamani. Niliandika jina langu kamili na nambari ya kitambulisho, na mwishoni, ili waone kwamba mimi ni mtu mwenye makao na si wa kuhamahama, niliandika nambari ya kiwanja hiki. Nikatia sahihi. Niliirudia kuisoma nikaiona ni barua nzuri, nikaipeleka posta mwenyewe, na niliporudi nilitembea kama mtu aliyemaliza kazi ya serikali.

Barua iliyofuata ilitoka kwa wakili wa Nairobi, na haikuandikiwa Kioko. Iliandikiwa mimi.

Niliichukua, nikaenda Kajiado kwa wakili ambaye ofisi yake iko karibu na mahakama. Ni mwanamke wa umri wa shangazi yako, si mtu wa maneno mengi. Aliisoma barua ya yule wakili wa Nairobi, akasoma nakala ya barua yangu, maana niliweka nakala kama nilivyofunzwa. Kisha akavua miwani.

"Mzee, hii uliandika wewe? Hakuna mtu alikushikia bunduki?"

"Niliiandika mimi."

"Imeandikwa vizuri sana," akasema, nami nilipata fahari kwa dakika moja. "Hiyo ndio shida. Sikiza. Kuna nchi ambazo serikali yetu imezikubali. Hukumu ikitoka huko inasajiliwa Mahakama Kuu, na inafanya kazi kama imekatwa hapa. Hiyo nchi ya kijana yako haiko kwa hiyo orodha. Walikuwa waanze kesi mpya hapa kwetu, walete mashahidi, walete makaratasi, na sheria iko na muda wake, ukipita wamechelewa. Na wakishinda, wachukue nini? Kijana hana kitu kwa jina lake. Watu kama hao huchoka."

"Wangechoka?"

"Wengi huchoka. Lakini sasa hawahitaji kijana. Umewapa mtu mwenye ameahidi kulipa deni ya mwingine, kwa maandishi, na sahihi, na shamba. Wewe ndio ulitembea ukawapelekea posta."

Nilimwuliza kuhusu polisi wa kimataifa. Alisema kwamba hayo kwa kawaida ni ya kututia hofu, kwamba askari wa Kenya haji kumkamata mtu nyumbani kwa deni la benki kwa sababu tu wakala amepiga simu. Kuhusu uwanja wa ndege wa kule hakucheka. Alisema Kioko asijaribu. Nilipotoka nje, jua la Kajiado lilikuwa kali nami nilisikia baridi.

Kesi ipo. Imetajwa mara moja, na itatajwa tena baada ya wewe kuondoka. Wakili atasema kwamba nilidanganywa, kwamba nilitishwa, na huenda hakimu akamsikia. Hayo ni yangu na nitayabeba. Sikuandika haya ili unionee huruma.

Naandika kwa sababu ya tangazo.

Vijana wa kanisa walikupenda, wakatengeneza tangazo la maombi na mchango wa tiketi yako. Ulilifurahia, hata mimi nililifurahia. Picha yako ukiwa umevaa sare nyeupe, jina lako lote, jina la nchi unayokwenda, wiki ya safari, na chini yake namba yangu ya simu ya kupokea mchango. Lilizunguka katika makundi yote ya simu kutoka hapa hadi kwa ndugu zetu wa Machakos. Hivyo ndivyo tunavyosafirisha watoto wetu. Hakuna anayeondoka kimya kimya kama mwizi. Lakini mwanachama wa kundi moja ni mwanachama wa kundi jingine, na tangazo halichagui anayelisoma.

Denis alipiga Jumanne, wakati ule ule baruti ya machimboni ilipolipuka. Vikombe viligongana kabatini, nami sikujua kwanza ni kipi kilichonishtua.

"Mzee, hongera! Nimeona sista. Msichana mrembo hivyo, na ni nesi! Mungu amewakumbuka."

Niliusukuma mlango wa kabati, vikombe vitulie.

"Sasa tumalize hii maneno kama watu wazima. Akifika huko, kuna mwenzetu atamtafuta pale kazini. Anatia sahihi karatasi moja tu, ya kulipa kidogo kidogo kutoka kwa mshahara. Akitia, ile kesi ya shamba tunaitoa. Unalala. Mama analala. Kila mtu analala."

"Na asipotia?"

"Mzee, kwani mtoto mzuri kama huyo anaweza kukataa babake abaki na nyumba?"

Simu ilikuwa imewekwa kwa sauti ya nje, kwa kuwa masikio yangu yamekuwa mazito. Mama yako alikuwa akichambua maharagwe. Alisikia yote. Nilipokata simu hakuinua macho.

"Baba Kioko," akasema, "si ni sahihi tu? Atakuwa na mshahara mzuri. Na sisi tutaenda wapi na uzee huu?"

Kioko alikuwa sebuleni. Huwa hasemi, unajua, tangu aliporudi amekuwa mtu wa kuingia na kutoka. Lakini siku hiyo alisema.

"Mama, hata mimi nilisema ni sahihi tu."

Mama yako alifunika uso kwa leso. Usimwone mbaya. Hajakuambia, na kesho hatakuambia, kwa kuwa tulikubaliana. Lakini najua jinsi nyumba hii ilivyo moyoni mwake, na najua atakavyokuwa siku wakija kupima kiwanja. Inawezekana siku hiyo atakupigia simu. Ndiyo maana naandika leo, angali anacheka huko chumbani.

Nilirudi Kajiado Ijumaa kwa ajili yako. Wakili alinieleza hivi, nami nakunakilia kwa makini. Deni la kaka yako si lako, hapa wala kule. Pasipoti yako ni yako, siku yako ya kuzaliwa ni yako, na jina la ukoo peke yake halimfungi mtu. Hawana njia ya kukufikia isipokuwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana wakala anahangaika kukupongeza. Ukitia sahihi karatasi yao, utakuwa umekopa deni ambalo hukula hata ndururu yake, katika nchi ambayo huwezi kutoka bila kibali chao ukichelewa kulipa, na mshahara wako utapita katika benki za huko huko. Kioko alikuwa na mahali pa kukimbilia, akaja nyumbani kabla kesi haijafunguliwa. Wewe utakuwa umefungiwa mle ndani pamoja nalo.

Hilo ndilo ninaloliona ninapofumba macho. Sioni kiwanja. Nakuona wewe kwenye uwanja wa ndege wa kule, unataka kuja nyumbani kumzika mmoja wetu, na mtu wa dirishani anakuambia usogee pembeni.

Watakuja na upole. Mkali atakuja baadaye, wa kwanza atakuwa mpole. Huenda atajua Kikamba. Huenda atakuambia kwamba ni karatasi ya kuthibitisha tu kwamba wewe ni ndugu yake Kioko. Huenda atakuonyesha barua yangu, na utauona mwandiko wangu, na moyo wako utakuuma. Mwambie hujui jambo hilo na huna la kuandika. Ikiwa ni lazima umwambie neno la ukali, mwambie. Nimekufunza maisha yako yote kuwajibu watu kwa heshima. Kwa mtu huyo nimekuondolea somo hilo.

Na sasa nifike kwenye lililo gumu. Mama yako akikupigia akilia, usitie sahihi. Kioko akikupigia akakuambia atajiua kwa aibu, niite mimi, nami nitakaa naye, lakini usitie sahihi. Na mimi nikikupigia, Ndanu, usitie. Usidhani haiwezekani. Mimi ni mtu niliyeshindwa kuiacha karatasi moja mezani bila kuijibu. Sijui nitakuwa mtu wa namna gani siku nitakapoviona vitu vyetu vimetolewa nje, viti vya mama yako vikiwa barabarani na malori ya mawe yakipita. Huenda hofu ikaniingia kwa nguvu nikakuita kwa jina la mama yangu ulilorithi, nikakuambia, "Tia tu, mama, tia tuokoke." Maneno hayo yatakuwa ya hofu. Ya baba yako ni haya unayoyasoma sasa, jioni hii, nikiwa na akili zangu timamu na chai yangu ingali moto.

Tukinyang'anywa nyumba, tutapanga chumba. Watu wanapanga vyumba hapa Kitengela na wanaamka asubuhi. Nyumba ya mabati naijua; niliishi ndani yake na wewe ukazaliwa ndani yake, na sasa nashangaa kwamba niliionea haya.

Sanduku limetimia uzito, nasikia mama yako akipiga makofi. Nenda ukawauguze watu. Ukipokea mshahara wa kwanza usinitumie kitu. Nunua viatu vya kusimamia wodini.

Unajua kwamba sijapata kutuma barua bila kutia sahihi chini, hata ile niliyomwandikia mwalimu wako kuhusu shati la michezo. Hii siitii sahihi. Mwandiko unaujua ni wa nani.

Baba yako